Simu ya nani? Miaka 90 ya kutafuta ushauri wa siri juu ya afya ya uzazi Kongo

Mwaka 2005, shirika la PSI pamoja na wenzao wa Kongo, Association de Santé Familiale, walifungua laini ya simu ya bure juu ya uzazi wa mpango. Waliiita Ligne Verte. Mwenye simu ya Vodacom aliweza kupiga bila kukatwa hata uniti moja, akamuuliza mtu aliyefundishwa: vidonge vinafanya nini mwilini, sindano inakaa miezi mingapi, kituo gani karibu na nyumbani kinatoa huduma. Hakutaja jina. Hakuna aliyemwona.

Kampeni za uzazi wa mpango wakati ule zilikuwa zinaongea na wanawake. Picha za mabango zilikuwa za wamama, na mafundisho yalitolewa kwa wamama waliokaa kwenye benchi la kliniki wakisubiri kupima uzito wa mtoto. Kwa hiyo mtu angetegemea kusikia sauti za wamama kwenye laini. Simu ziliingia kwa maelfu, na waliopiga, kwa sehemu kubwa kabisa, walikuwa wanaume.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa sasa, wakati miradi mingi inayofika Goma, Bukavu ao Bunia inasema italeta huduma za afya ya uzazi na ya ngono kupitia intaneti: kuuliza kwa WhatsApp, kupewa randevu kwa simu, kupata dawa bila kukaa kwenye benchi. Wazo ni zuri. Lakini si jipya kama linavyoonekana. Wakongo wametafuta ushauri huu kwa mbali, bila kuonyesha sura, muda mrefu kabla ya intaneti, na kila mara njia mpya ilipofunguka, kuna watu walioipata haraka na wengine waliobaki nje.

Sheria iliyofunga mdomo

Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitoa amri ya kukataza kuonyesha, kuuza, kugawa na kutangaza vitu vya kuzuia mimba. Ubelgiji yenyewe ilikuwa na sheria ya namna hiyo toka 1923, baada ya Vita Kuu ya kwanza kumaliza vijana wake. Kwa Kongo kulikuwa na hofu ya ziada. Madaktari na maofisa walikuwa wameona maeneo, zaidi sana upande wa Équateur, ambako watoto walizaliwa wachache, na magonjwa ya zinaa yalikuwa moja ya sababu. Koloni lilihitaji mikono ya kazi, na mikono ya kazi huzaliwa kwanza. Amri ile ikaingia katika kitabu cha sheria za adhabu na ikakaa humo miaka mingi baada ya uhuru wa 1960.

Neno la kuangalia hapo ni "kutangaza". Hata mtu asiyeuza kitu, aliyeeleza tu hadharani, aliweza kujiletea mashaka. Ushauri ukabaki wa kunong'ona: shangazi kwa binti siku chache kabla ya ndoa, muuguzi kwa mke wa rafiki yake, mwenye miti-shamba kwa yeyote aliyebisha mlango usiku.

Tena katika miji ya koloni, mwanamke aliyeishi bila mume aliandikishwa na kulipishwa kodi yake ya pekee. Kuwa na jina kwenye daftari ya serikali kama mwanamke asiye na mume kulikuwa na gharama ya pesa na ya heshima. Wauguzi wa leo wanaposhangaa kwa nini mabibi wengine hawapendi kutoa jina lao kamili kwenye lopitali, huenda sehemu ya jibu ni ya zamani kuliko lopitali yenyewe.

Mwaka 1972 Rais Mobutu alisema mbele ya wabunge kwamba familia ziwe na watoto wanaotakiwa, wanaoweza kulishwa na kusomeshwa. Mwaka uliofuata aliunda kamati ya taifa ya kazi hiyo. Sheria ya 1933 haikufutwa. Kwa hiyo nchi ikawa na kamati ya rais inayofanya kazi ambayo kitabu cha sheria kilikataza. Zaire ilikuwa hodari wa mambo ya namna hiyo.

Miaka ya 1980 ilileta mpango uliobaki mpaka leo. Nchi iligawanywa katika zoni za afya 306, kila moja na lopitali yake kubwa na vituo vidogo chini yake. Leo zoni ni 519. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, sababu hata ujumbe wa simu uwe mzuri namna gani, mwisho wake unamtuma mtu kwenye kituo cha zoni fulani, na kituo hicho kinaweza kuwa na dawa ao kinaweza kuwa na mlango tu.

Wimbo, mipira na foni

Kule Kinshasa, kwenye lopitali ya Mama Yemo, Daktari Bila Kapita alikuwa ameanza kuona wagonjwa wanaokonda na kufa bila dawa yoyote kuwashika. Oktoba 1983 kikundi cha madaktari wa Ubelgiji na Marekani kilifika kuangalia, na mwaka 1984 ukafunguliwa mradi wa utafiti ulioitwa Projet SIDA, chini ya Daktari Jonathan Mann. Ulikuwa kati ya miradi mikubwa ya kwanza ya kuchunguza sida Afrika.

Mjini watu walicheka. Herufi za SIDA zilipewa maana nyingine: ugonjwa wa kubuni, uliotungwa ili kuwavunja moyo wapendanao. Kicheko hicho hakikuvunjwa na daktari. Mwaka 1987 Franco Luambo, kiongozi wa TP OK Jazz, alitoa wimbo "Attention na SIDA", na kanda zake zikachezwa kwenye baa, kwenye mabasi na kwenye redio. Mtu aliyeona haya kuingia kliniki alisikia habari za sida akiwa amekaa na chupa yake mezani, pamoja na wengine, bila mtu kumtazama yeye. Franco mwenyewe alifariki Oktoba 1989.

Wakati huohuo PSI ilianza kuuza mipira ya kondomu ya chapa ya Prudence kwa bei ya chini. Ilipatikana dukani, baa, hata kwa mchuuzi wa sigara wa pembeni mwa barabara. Mwaka 1988 ziliuzwa pungufu ya milioni moja. Mwaka 1991 zilifika karibu milioni 18. Sheria ya 1933 ilikuwa bado inasoma vilevile, lakini mchuuzi wa sigara hana daftari ya majina, haulizi kama umeoa, na yuko wazi saa nne za usiku. Kliniki nyingi mpaka leo hazijaweza kushindana na mtu huyo.

Septemba 1991 Kinshasa iliporwa na askari na raia. Wageni waliondoka, Projet SIDA ikafungwa, na msaada ukakauka. Posta na simu za serikali nazo zilikuwa zikifa polepole. Kwa watu wa ndani ya nchi, njia ya kutuma neno mbali ikabaki foni, ile redio ya mawasiliano ya misioni, wachuuzi na mashirika. Waliowahi kuitumia wanajua: unasimama mbele ya chombo, nyuma yako kuna foleni, na upande wa pili kuna foleni nyingine. Kila neno linasikiwa na kila mtu. Kwa foni uliweza kutangaza kifo, kuuliza bei ya samaki, kuomba karo ya mtoto. Kuuliza juu ya usaha unaotoka sehemu za siri haikuwezekana.

Goma 1994, na orodha iliyozaliwa baadaye

Katikati ya Julai 1994 karibu watu milioni moja waliingia Goma kutoka Rwanda katika siku chache. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Maji, chakula, makaburi: hayo ndiyo yaliyohesabiwa. Mwanamke aliyebakwa njiani, mwenye mimba iliyofika miezi tisa juu ya mawe ya volkeno, ao aliyekimbia na vidonge vimebaki nyumbani, hakuwa kwenye orodha ya mtu.

Mwaka huo, Wanawake wa shirika moja la Marekani la kutetea wakimbizi walikuwa wameandika ripoti kulalamika kwamba afya ya uzazi ya wakimbizi imesahauliwa, na Septemba mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Cairo ukakubali kuwa hata mkimbizi ana haki ya huduma hiyo. Mwaka 1995 mashirika yaliunda kikundi cha pamoja, na kutoka hapo kikatengenezwa kifurushi cha chini kabisa cha huduma za uzazi wakati wa dharura, kinachojulikana kwa herufi MISP. Kinasema mambo gani yaanze toka siku za kwanza: kuwatibu waliofanyiwa ukatili wa kingono, kuzuia virusi vya sida, kuokoa wazazi na watoto wachanga. Kuzuia mimba zisizotakiwa kuliingizwa kama lengo kamili baadaye sana, katika toleo la 2018. Miaka zaidi ya ishirini kwa jambo ambalo mama yeyote wa kambini angelitaja la kwanza.

Kisha vita vikaingia Kongo yenyewe. Oktoba 1996 lopitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, ilishambuliwa. Wagonjwa na wafanyakazi waliuawa. Daktari wake, Denis Mukwege, alianzisha lopitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999, akitaka kusaidia wazazi. Amesimulia mara nyingi kwamba mgonjwa wa kwanza kufanyiwa upasuaji hapo hakuwa mzazi, alikuwa mwanamke aliyebakwa. Goma nako, lopitali iliyokuja kuitwa HEAL Africa ilichukua mzigo uleule.

Ndipo saa 72 zikaingia katika maisha ya watu wa Mashariki. Dawa za kuzuia virusi vya sida baada ya kubakwa, zile wauguzi wanaziita PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinaweza kufanya kazi mpaka saa 120, lakini nacho hakipendi kungojeshwa. Toka hapo, swali la mawasiliano halikuwa tena la haya peke yake. Mwanamke anayekaa mwendo wa siku mbili kutoka kituo, asiyejua kwamba dawa ipo, amekwisha kupoteza siku mbili kabla hajaanza kutembea.

Habari ya saa 72 ilisambazwa zaidi na redio. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, siku ileile mazungumzo ya Wakongo yalipofunguliwa Sun City, na redio za jamii zikaongezeka mijini na vijijini. Redio inafika mbali na haiulizi kodi ya mega. Kasoro yake ni moja: inasema, haisikii. Mama akiwa na swali lake mwenyewe, redio inaendelea na muziki.

Laini ya bure, na aliyeshika simu

Simu za mkononi zikaziba pengo hilo. Celtel ilianza Kongo mwaka 2000, Vodacom 2002, na ndani ya miaka michache kila kartie ikawa na kabine yake ya kuuza mauniti. Ligne Verte ilisimama juu ya msingi huo.

Kwa nini wanaume? Sababu ya kwanza haihitaji profesa: simu ilikuwa mfukoni mwa baba. Ilinunuliwa kwanza kwa ajili ya kazi na biashara, na mama aliiomba akitaka kumsalimia ndugu yake. Kumpigia mtu juu ya sindano ya miezi mitatu kwa simu ya mume, halafu namba ibaki kwenye kioo, si jambo dogo. Wengine walipigiwa na waume zao. Bwana aliuliza kwa niaba ya nyumba, na hilo si baya. Nyumba nyingi za Kongo zilipata jibu namna hiyo.

Sababu ya pili inasemwa kidogo. Mwanaume hakuwa na benchi lake. Kliniki ya uzazi ilijengwa kwa ajili ya mama na mtoto. Baba akiingia anaulizwa amepotea njia. Naye alikuwa na maswali: kama dawa hizi zitamharibu mke wake, kama mpira unapunguza nguvu, kwa nini anasikia moto akikojoa. Laini ya simu ilikuwa chumba cha kwanza cha mashauri ambacho alikaribishwa bila kuonekana. Waliokuwa wanadhani wanaume hawajali uzazi wa mpango walipata jibu kwa kengele ya simu.

Lakini mama asiye na simu, ao aliye na simu ya mtandao usiokuwa wa bure, alibaki alipokuwa. Na aliyepiga na kuelekezwa vizuri bado alihitaji kituo chenye dawa.

Intaneti inaingia, na bei yake

Intaneti ya 3G ilianza kuenea Kongo toka 2012. Mwaka 2013 waya wa baharini wa WACS ulifika Muanda, upande wa Magharibi. Mashariki iliendelea kupata intaneti kwa sehemu kubwa kupitia Rwanda na Uganda. Facebook na WhatsApp zikaingia kwa mega za bei ndogo. Kwa mara ya kwanza kijana aliweza kuuliza kwa maandishi, kimya kimya, akiwa amekaa katikati ya familia yake inayotazama televisheni. Foni ya zamani ilikuwa imepinduliwa kichwa chini.

Sheria pia ilisogea. Machi 2018 Mkataba wa Maputo juu ya haki za wanawake wa Afrika ulichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, ukiwa na kipengele kinachoruhusu kutoa mimba kwa njia ya kidaktari kwa aliyebakwa, aliyezalishwa na ndugu wa damu, ao ambaye afya yake ama maisha yake yamo hatarini. Desemba mwaka huohuo, sheria ya afya ya umma namba 18/035 ilikubali wazi haki ya uzazi wa mpango. Miaka 85 ilikuwa imepita toka amri ya 1933. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ambazo mtu anaweza kujifanyia mwenyewe, kwa msaada wa mbali wa muuguzi: kujipima virusi vya sida, kujidunga sindano ya uzazi wa mpango.

Vitu hivyo viwili vimekwisha jaribiwa Kongo. Sindano ndogo ya Sayana Press, inayokaa miezi mitatu, ilianza kutolewa Kinshasa mwaka 2015 na wanafunzi wa uuguzi na udaktari waliokwenda kwenye kartie, na baadaye wanawake wakafundishwa kujidunga. Kisangani, watafiti waliwapa vijana kipimo cha tone la damu cha kujipima virusi vya sida. Wengi waliweza na walikipenda. Hapo ndipo huduma ya mtandaoni inapata miguu, sababu ushauri bila kitu cha kushika mkononi ni redio iliyobadilisha nguo.

London, toka 2015, mkaaji wa mitaa ya Lambeth na Southwark anaweza kuagiza kwa intaneti kifaa cha kupima magonjwa ya zinaa. Kinaletwa nyumbani na posta, anajitoa damu ao mkojo, anakirudisha kwa posta, majibu yanafika kwa simu. Watu wanapenda kuutaja mfano huo kwenye semina. Ila huduma hiyo imebebwa na mambo matatu ambayo hayaandikwi kwenye kioo cha simu: nyumba yenye namba, mtu wa posta, na maabara inayongojea. Nyumba ya hema la plastiki haina namba. Kwa Kongo kazi ya posta itabidi ifanywe na mwingine: mhamasishaji wa afya wa kartie, mwenye duka la dawa, mototaksi. Na kila mmoja wao ana macho na mdomo.

Kisha kuna mambo ya serikali. Januari 2015, wakati wa maandamano, intaneti ilikatwa. Ilikatwa tena tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, na haikurudi mpaka siku kama 20 kupita. Aliyeweka matumaini yake ya saa 72 kwenye ujumbe wa WhatsApp katika siku hizo alikuwa peke yake. Septemba 2020 ikaanza kodi ya RAM, iliyokata mauniti ya watu mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G. Wananchi walipiga kelele na ikafutwa mwanzoni mwa 2022. Kwa afisa wa Kinshasa dola 7 ni soda na brosheti. Kwa msichana anayeuza karanga ni sababu ya kuacha kununua mega.

Na intaneti ilileta wauza uongo. Dawa za "kusafisha kizazi", chai ya kubana uke, vidonge vya kumaliza sida kwa wiki mbili: vyote vinauzwa kwenye kurasa zilezile, na muuzaji anajibu haraka kuliko muuguzi.

Mwaka 2025

Mwisho wa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Umeme na intaneti vilikatika Goma kwa siku kadhaa. Kambi za pembeni mwa mji, Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya, zilitupu. Familia ambazo zilikuwa zimezoea kituo fulani na muuguzi fulani zilibeba magodoro tena. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ulifungwa. Wakati huohuo serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo vya Mashariki vikaanza kulia juu ya uhaba wa dawa, hata zile za saa 72.

Katika hali hiyo, simu ilifanya kazi ambayo benchi halikuweza. Mtu aliyehama kartie aliweza kuuliza ni kituo gani bado kimefunguliwa leo. Mwenye virusi vya sida aliyeacha daftari yake ya dawa nyuma aliweza kukumbushwa jina la dawa na mahali pa kuendelea nayo. Anayeona haya, kijana wa kiume aliyebakwa kwa mfano, ambaye wengi wanasahau kwamba naye yupo, aliweza kuandika kile ambacho mdomo ulikataa.

Mambo machache ya kushika kwa yule anayetumia njia hii. Kuelezwa dalili, kupanga randevu, kukumbushwa tarehe ya sindano, kuulizia madhara ya kidonge: hayo yanaweza kuisha kwa simu. Ubakaji hauishi kwa simu. Ujumbe ni wa kuulizia mlango tu. Dawa za saa 72 zinachukuliwa kwenye kituo, pamoja na uchunguzi na kinga ya manjano ya ini. Matibabu hayangojei karatasi ya polisi wala kesi. Hata saa 72 zikipita, kwenda bado kuna faida, sababu kidonge cha dharura, vidonda, magonjwa mengine ya zinaa na roho iliyoumia vina muda wao. Muuguzi wa kweli hakuombi picha ya uchi wala pesa mbele kwa namba usiyoijua. Na kama simu ni ya watu wawili, futa mazungumzo ukimaliza, ao kubaliana na anayekujibu asikupigie yeye.

Hilo la mwisho linarudi kwenye sauti nzito za 2005. Simu zimekuwa nyingi toka wakati ule, na wanawake wengi wanazo. Lakini familia inayokimbia usiku kutoka Masisi mara nyingi inafika na simu moja, ya baba ao ya mtoto wa kwanza, ikiwa na chaji kidogo na mauniti yaliyoisha njiani. Mradi wa intaneti unaotaka kumfikia mama wa nyumba hiyo ungeanza kwa kuuliza simu hiyo iko mfukoni mwa nani, na inachajiwa wapi. Miradi mingi inaanza kwa kuchora alama yake.

Jumapili usiku mama anaandika kwa simu ya jirani. Jibu linarudi baada ya dakika mbili: dawa zipo, njoo kabla ya Jumatano saa nne. Jirani anataka simu yake. Mototaksi hazitembei gizani, na kutoka hapo mpaka kituo kuna vizuizi vitatu.